Musa Amekuja Kutoa Jeni

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakata saa ya watu kwenda misa, na sasa jua limetoka kali, matope ya uwanja yanatoa mvuke. Nimekaa kwenye mlango wa jikoni, miguu nje, mgongo ndani. Rezo ya simu iko, vistari viwili, kwa hiyo naandika haraka kabla haijaondoka. Nyumba nzima imelala baada ya kula. Mimi ndiye ningelala kwanza, lakini usingizi umenikatalia.

Nimechoka.

Sisemi hivyo ili mtu anihurumie. Naandika humu mtandaoni kwa sababu humu hakuna anayeniita. Ndani ya hii nyumba jina langu linaitwa toka asubuhi mpaka jua kuzama: Zuhura maji, Zuhura dawa, Zuhura njoo umugeuze, Mwalimu uko na mgeni. Wiki hii hata shuleni nimefundisha nikiwa nimeegemea ukuta. Nilikuwa naeleza mzunguko wa damu, nikasahau kama tumefika kwenye moyo au tumeshatoka. Watoto wakabaki wananiangalia. Nikawaambia wachore.

Yaya wangu Salehe, yule aliyenitangulia kwa mama, yuko chumba cha mbele tangu walipomleta kutoka Lusangi. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba, macho yamekuwa na rangi ya bizari. Mwili unamuwasha usiku na mchana. Kucha zinamchubua, kwa hiyo tunamkuna mgongo kwa gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa. Mke wake, Mama Aziza, anamshika mabega, mimi nashika gunzi. Mwanaume aliyekuwa anabeba gunia la mpunga kichwani kutoka shamba mpaka barabarani, leo namuinua peke yangu.

Lopitalini walimpaka ile dawa ya baridi, wakamtazama tumbo kwa mashine ya ekografi. Munganga akaniita pembeni, kwa kuwa mimi nafundisha biolojia, akaniambia kwa Kifaransa: kansa ya ini, kubwa, imeshapita mahali pa kisu. Akaandika vidonge vya maumivu. Akasema tumrudishe nyumbani, tumpe chochote anachotaka kula. Nilimshukuru, nikatoka nje kwa wenzangu, nikawaambia ini limeharibika na dawa haipatikani hapa.

Neno "hapa" nililiongeza mwenyewe. Munganga hakulisema.

Na kwa kuwa nimelisema, nikaanza kutafuta hiyo dawa isiyokuwa hapa iko wapi. Kila rezo ikija nilikuwa nasoma. Kwa Kifaransa nasoma vizuri, kwa Kiingereza nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Nikakuta habari ya wataalamu wa nchi za mbali wanaojaribu kuunganisha tiba ya jeni na mionzi kwa kansa ya ini. Nikaisoma mara nyingi mpaka nikaielewa. Nilifurahi kama mjinga. Kwa muda ule niliosoma nilisahau harufu ya kile chumba.

Niandike na hili, maana sina pa kulisema. Ziko asubuhi ambazo nafungua mlango wake taratibu, na kabla sijaona kama anapumua, kitu ndani yangu kinatamani yawe yamekwisha. Halafu naona kifua kinapanda, nafurahi, na ile aibu inakaa na mimi mpaka adhuhuri.

Basi. Jioni moja watu wakakaa kwenye mkeka, wakaniuliza nasoma nini kila siku kwenye telefone. Alikuwepo Mama Aziza, na alikuwepo Mjomba Ramazani, ndugu wa mama yetu, ambaye tangu wazazi waondoke ndiye mkubwa wetu. Salehe alikuwa ndani, mlango wazi. Nikawaeleza vizuri, kama klasini.

Nikasema kuna mionzi, nguvu isiyoonekana ambayo ikizidi inachoma. Lopitali yetu inayo kidogo, ya kupiga picha ya mifupa tu, hiyo haiponyeshi. Kule kwao wanayo ya kuchomea kansa. Sasa seli ya kansa ni sugu: ukiichoma inabomoka, ukigeuka imejijenga tena. Kwa hiyo wanatanguliza jeni. Wanachukua kirusi, wanakiondolea ubaya wake, wanakibebesha jeni iliyotengenezwa kwenye laboratwari, wanakidunga ndani ya uvimbe. Jeni ikishaingia, ile seli inasahau namna ya kujijenga. Hapo ndipo wanaichoma, na ikibomoka haina tena fundi. Nikasema pia kwamba bado wanajaribu, panya wengi na wagonjwa wachache. Hilo la mwisho nadhani lilikwenda na upepo.

Mjomba akauliza jeni ni kitu gani. Nikamjibu kile ninachowaambia wanafunzi: ni kile unachorithi kwa wazazi, ndicho kinachofanya mtu afanane na watu wake.

Akafikiri sana. Mjomba akifikiri anavuta ndevu upande mmoja. Kisha akasema amefahamu: wanachukua kitu cha tumbo kutoka kwa mzima, wanakiweka kwenye ini la mgonjwa. Kwa hiyo anatakiwa mtu wa tumbo lake.

Maji yalikuwa yanachemka jikoni. Salehe alikuwa anaita akunwe. Kazi za wanafunzi zilikuwa mezani hazijasahihishwa. Nikasema, "Kitu kama hiyo, Mjomba." Nikasimama nikaenda zangu.

Haikuwa kitu kama hiyo hata kidogo. Hiyo jeni haitoki kwa ndugu wala kwa jirani. Lakini kurudi kukaa, kuanza upya, kuulizwa tena, sikuwa na nguvu. Nilijua nimeacha kitu kimepinda, nikafikiri kitajinyoosha chenyewe.

Tumbo la mama yetu lilitoa watatu: Salehe, mimi, na Musa, mziwanda. Baba alikuwa na mke mwingine na watoto wengine, watu wema kabisa, lakini kwa hesabu ya Mjomba hao hawafai kwa jambo hili. Mimi nami sifai. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba jeni ya mwanamke haiwezi kukaa kwenye ini la mwanaume; hilo walilijua wao wenyewe, mwalimu wa biolojia hakuulizwa. Akabaki Musa.

Na Musa ndiye mtu ambaye Salehe alimkana.

Musa alikwenda kwenye dhahabu, Salamabila, akiwa bado kijana, akakaa huko. Mama alipokufa, habari ilimchelewea, na barabara ya siku zile mnaijua. Alifika Lusangi mama ameshazikwa. Salehe alikuwa amesimama mlangoni, waombolezaji wamejaa uwanja mzima, Musa anashuka kwenye pikipiki na mbuzi wa matanga. Salehe akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Huyu si wa tumbo letu." Musa akamwacha mbuzi pale, akapanda pikipiki, akarudi alikotoka. Tangu siku hiyo hawajala sahani moja.

Kwetu neno kama hilo halipiti tu kama matusi ya hasira. Linabaki limesimama mpaka aliyelisema aoshe mdomo. Ndivyo tunavyoita: kuosha mdomo. Mjomba wao anashika bakuli la maji, aliyesema anasukutua anatema chini, analitamka neno lake kwamba ni la uongo, halafu anachukua maji mengine mdomoni anampulizia kifuani yule aliyeambiwa. Mjomba, ambaye swala tano hazimpiti, anasema hiyo si dini, ni usafi tu. Wazee walimwomba Salehe aoshe mdomo mara nyingi. Alikuwa anawasikiliza kwa heshima, anawapa chai, anawasindikiza. Kichwa chake kigumu, sijapata kuona.

Sasa Mjomba, bila kuniambia, akamtuma dereva wa pikipiki anayepeleka bidhaa Kabambare na Salamabila, ampe Musa ujumbe: Salehe ni mgonjwa, anatakiwa mutu wa tumbo lake atoe jeni, njoo.

Jana nimetoka sokoni na sombe yangu, majani ya muhogo, kichwani, nikakuta mtu amekaa upenuni juu ya bidoni tupu ya maji, matope mpaka magotini, kichwa kimenyolewa. Sikumjua mpaka aliposimama. Amekonda, na amezeeka kuliko mimi, wakati mimi ndiye dada yake. Tukashikana pale pale, sombe ikamwagika. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema, "Nimekuja kutoa jeni."

Karibu nicheke. Halafu nikamtazama usoni, nikaona hachezi.

Akanieleza yote. Tangu apate ujumbe ameacha bia na sigara, jeni isije ikatoka na moshi. Amenyoa, ameoga kwa sabuni. Tangu alfajiri hajala, kwa sababu amesikia lopitalini wanachukua vitu vya mtu tumbo likiwa tupu. Nilimpa wali akakataa, akanywa maji kidogo tu, tena kwanza aliniuliza kama maji hayaharibu. Na safari ameshaipanga: Jumapili, mvua ikikata, wampandishe Salehe pikipiki, dereva mbele, Salehe katikati, yeye Musa nyuma, wamfunge kwa kitenge asianguke. Wapite Kabambare mpaka Salamabila, kutoka hapo Bukavu, kutoka Bukavu popote pale hiyo mashine ilipo. Alikuwa anazungumza upesi kama mtu aliyekaa na maneno hayo njia nzima.

Salehe huwa analia nikimgeuza kwenye godoro. Barabara hiyo, kwa mvua hii, ingemuua kabla ya kufika Salamabila. Angefia kwenye matope, amefungwa kitenge mgongoni kwa watu.

Nilitakiwa kusema pale pale. Lakini Mama Aziza alikuwa uwanjani anapiga pasi shati la mume wake, pasi ya makaa, na alikuwa anaimba kwa sauti ndogo. Sijamsikia akiimba tangu wafike. Nikaokota sombe yangu. Nikasema moyoni, kesho.

Salehe alijua Musa yuko nje. Nilipompelekea uji aligeuza uso ukutani. Hakusema aingie, hakusema afukuzwe. Musa naye alikaa upenuni mpaka giza, akalala kwa jirani. Mlango ulikuwa wazi muda wote kati yao.

Leo asubuhi Mjomba kafika na mvua juu yake, bakuli jeupe amelificha ndani ya koti. Akaingia kwa Salehe, akaketi, akazungumza naye taratibu. Mimi nilikuwa nafua mashuka pembeni ya mlango, nasikia. Alimwambia ni lazima kwanza aoshe mdomo, la sivyo ile jeni itakatala: kitu cha tumbo kitaingiaje kwa mtu aliyesema hakitoki kwenye tumbo hilo? Ukiondoa lile kosa la mwanzo, hesabu ya Mjomba ilikuwa sawa kabisa. Salehe alifumba macho. Mjomba akangoja, akangoja tena, akatoka na bakuli lake.

Mvua ikakata. Dereva akaingiza pikipiki uwanjani, akaanza kukaza mnyororo. Mama Aziza akaleta kitenge.

Nikaona hakuna tena kesho ya kukimbilia. Nikafuta povu mikononi, nikapiga moyo konde, nikasimama mbele yao.

Niliwaambia kila kitu, na safari hii sikuwaambia kama klasini. Kwamba jeni ile haitolewi kwa ndugu, inatengenezwa. Kwamba dawa yenyewe ni ya kujaribiwa bado, na hata wangetufungulia mlango leo, Salehe ameshapita mahali pa kusaidiwa nayo. Kwamba munganga hakusema "hapa"; alisema hakuna. Kwamba barabara itamuua. Na kwamba Mjomba aliponiuliza nilimjibu ovyo kwa sababu nilichoka.

Mama Aziza akakaa chini pale pale kwenye matope, kitenge mapajani. Hakulia. Mjomba alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, mtu ametoka Salamabila kwa neno langu, sasa anaambiwa nini? Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Mjomba. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa machozi ya Musa.

Musa hakulia. Alinitazama kwa utulivu, karibu kwa huruma, akasema, "Dada, mimi si mutoto. Semeni tu kama jeni yangu mumeikatala."

Nikaapa kwa Mungu kwamba sivyo. Nikaanza kueleza upya, na kila nilipoeleza nilizidi kuharibu. Nikisema inatengenezwa kwenye laboratwari, yeye anasikia kwamba hata ya mashine ni bora kuliko yake. Nikisema Salehe hawezi safari, anasikia kwamba Salehe hawezi safari pamoja naye. Ukweli wote niliokuwa nao ulikuwa unafanana na lile neno la Lusangi.

"Juzi mulisema anatakiwa mutu wa tumbo lake," akasema. "Nimefika mimi, sasa hatakiwi mutu."

Akaenda upenuni kuchukua begi lake. Akalifunga nyuma ya pikipiki, anavuta kamba kwa nguvu kupita lazima. Dereva alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Nilibaki nimesimama, mikono imelowa, nikijisemea kwamba nimewapoteza wawili kwa asubuhi moja.

Hapo Salehe akaita. Si kwa nguvu, hana nguvu. Aliita jina langu.

Niliingia. Alikuwa ameinua kichwa kwenye mto, jasho linamtoka kwa kazi hiyo tu. Alikuwa amesikia yote. Ukuta ule ni wa udongo na dirisha halina kioo.

"Dawa haiko?"

"Haiko, yaya."

"Hata jeni ya Musa haiwezi saidia?"

"Hata ya nani."

Akapumua kidogo. "Basi lete maji," akasema. "Na yeye aingie."

Nilidhani ana kiu. Naandika hili nikiona haya, lakini ndivyo nilivyodhani, nikageuka kutafuta kikombe. Mjomba, aliyekuwa nyuma yangu mlangoni, ndiye aliyefahamu. Alitoka mbio, mzee yule, bakuli mkononi, akilijaza kwenye mtungi anamwagikiwa magoti. Akamshika Musa mkono kama mtu anayemrudisha mbuzi, akamleta ndani na viatu vyake vya matope.

Tulimuinua Salehe, mimi kushoto, Mama Aziza kulia. Mjomba akapiga goti na bakuli. Salehe akachukua maji, akasukutua, akataka kutema chini, yakamwagikia kwenye ndevu na shuka. Hakuna aliyefuta. Alipumzika. Kisha akasema, akimtazama Musa usoni kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mama, "Siku ile nilisema neno. Lilikuwa la uongo. Wewe ni wa tumbo letu."

Akachukua maji mengine. Mashavu hayakuwa na nguvu ya kupuliza. Musa aliona hivyo, akainama yeye, akaleta kifua chake mpaka kwenye mdomo wa kaka yake, na maji yakafika, matone machache kwenye shati lake la safari.

Mjomba akasema alhamdulillahi, akaketi chini.

Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko. Nililia kwa uchovu, kwa furaha, na kwa hasira pia. Miaka yote ile wazee walimwomba. Hata asubuhi hii, alipodhani maji yale yatamponya, hakuyataka. Aliyataka aliposikia hayatamsaidia kitu. Nimelifikiria hilo mchana kutwa na sijui niliite nini. Labda hakutaka Musa afikiri amenunuliwa. Labda ni ukaidi ule ule wake tu. Sitamuuliza, hana pumzi ya kupoteza kwa maswali yangu.

Dereva alirudi na sehemu ya nyuma tupu. Musa alifungua begi lake, akala. Mungu wangu, alivyokula! Wali na sombe, sahani moja na Salehe, ingawa Salehe alitia mdomoni punje chache tu na kuzitafuna kwa muda mrefu. Musa alikuwa anamngoja, anachukua tonge, anamngoja tena. Mama Aziza alikuwa amekaa mlangoni akiwatazama. Haimbi tena. Yeye ndiye niliyemnyang'anya kila kitu leo, na ndiye aliyeniambia nikale kwanza kabla sijaanguka.

Walipomaliza, Musa akaja hapa jikoni kunawa. Akasimama, akaniuliza kitu ambacho katika kusoma kwangu kote, na virusi vyangu na mionzi yangu, sikuwahi kukaa nikajiuliza. Aliniuliza: huu ugonjwa Salehe aliupata wapi?

Nikamwambia mara nyingi kwetu unaanza na homa ya ini, epatiti, ile wanayoiita B. Ni virusi. Vinakaa kwenye damu miaka na miaka bila mtu kuumwa kitu, vinakula ini polepole, na mwisho wake unaweza kuwa huu. Akauliza virusi vinamwingiaje mtu. Nikasema kwa damu, kwa sindano chafu, kwa mume na mke. Halafu nikasema, na nilipokuwa nasema nikajisikia mwenyewe, kwamba mara nyingi mama ndiye anayempa mtoto siku ya kuzaa, bila yeye kujua.

Najua sote tulikuwa tunamwona mama wa siku zile za mwisho, tumbo limejaa, watu wa Lusangi wanasema amerogwa, wanatafuta ni nani. Sikuwa nimeyaweka haya mawili pamoja. Mimi, ninayeandika ubaoni kila mwaka magonjwa yanavyopita kwa mama kwenda kwa mtoto. Nimesoma habari za nchi za mbali mpaka macho yakauma, na jibu la hapa hapa sikulitazama.

Nikamwambia kipimo kipo lopitalini, ni tone la damu tu. Na ukiikuta mapema ziko dawa za kuizuia isifike kwenye kansa, si kama hii ya Salehe. Na watoto ambao haijawapata wana chanjo. Nikasema lazima apimwe kabla ya kurudi Salamabila. Mama Aziza pia, na watoto wake wote.

Musa alikausha mikono kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akasema, na alikuwa karibu anatabasamu, "Kwa hiyo wakiikuta kwangu, basi ni kweli mimi ni wa tumbo lile."

Nilimpa mkeka akalale.

Sasa yuko chumba cha mbele, chini, kando ya godoro la kaka yake. Nawasikia wanavyopumua, mmoja kwa nguvu, mmoja kwa shida. Shuleni kesho nitatuma neno kwamba nitachelewa. Nimekumbuka kwamba mimi nami ni wa tumbo hilo hilo, na sijawahi kupimwa. Kesho asubuhi nitanyoosha mkono mimi kwanza, ili Musa asiogope.

Mimi naogopa sana.